Mimea dawa, antioksidanti na mchochota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ndiyo yanayofika dirishani famasi mara kwa mara, kuanzia Mbeya mjini hadi Tukuyu, Njombe na Iringa. Wengine huja na mfuko wa unga wa kijani, wengine na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya kuchemsha isiyo na lebo. Nayajibu kama mfamasia anayeamini kabisa kwamba mimea ina dawa. Kwa imani hiyohiyo nataka itumike kwa uangalifu uleule tunaoutumia kwa kidonge.

Antioksidanti ni kitu gani hasa?

Kata parachichi vipande viwili, kimoja ukamulie ndimu, kingine ukiache hivyohivyo mezani. Kile kisicho na ndimu kitageuka kahawia mapema. Oksijeni ya hewani imekutana na kemikali za tunda, na vimeng'enya vya tunda lenyewe vimeharakisha kazi. Kwenye kipande cha pili, vitamini C na uchachu wa ndimu vimeichelewesha.

Ndani ya mwili oksijeni hutumika kuunguza chakula ili tupate nguvu. Katika kazi hiyo huzaliwa molekuli zilizopungukiwa elektroni moja, ziitwazo radikali huru. Hizi huchukua elektroni popote zinapoipata: kwenye mafuta ya kuta za seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kuzituliza bila chenyewe kuwa hatari. Mwili una zake, kama glutathioni na kimeng'enya cha katalase, na nyingine tunazipata kwenye chakula: vitamini C na E, karotenoidi zinazotia karoti na mboga rangi, na kundi kubwa la polifenoli lililomo kwenye chai, kahawa, kakao, matunda na majani mengi ya dawa.

Radikali huru si adui tu. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili kuua bakteria. Tatizo huanza zinapozidi uwezo wa mwili kuzidhibiti, na kinachozizidisha zaidi ni sigara, moshi, sukari ya juu kwenye damu na maambukizi yasiyoisha. Kwa familia ya Makete inayopikia kuni ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Juni na Julai, kutafuta namna ya kutoa moshi nje kutayasaidia mapafu ya mama na watoto kuliko unga wowote nitakaowauzia.

Na mchochota ni nini? Ni sawa na uvimbe?

Uvimbe ni sehemu yake tu. Mtu akijikata na panga, baada ya muda pale pana wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Huo ni mchochota, yaani kinga ya mwili imefika kazini: mishipa midogo imepanuka, maji na chembe nyeupe zimeingia kwenye jeraha. Bila huo, kidonda hakiponi.

Unaotusumbua ni ule usiozimika. Baridi yabisi kwenye viungo, fizi zinazotoka damu kila siku, mafuta ya tumboni, kuta za mishipa ya damu kwa mvutaji sigara: huko kinga inaendelea kufanya kazi miezi na miaka na mwisho huumiza mwili wenyewe. Mambo haya mawili hulishana. Radikali huru huamsha mchochota, na mchochota huzalisha radikali huru zaidi. Ndiyo sababu mimea mingi huelezwa kuwa inafanya yote mawili kwa pamoja.

Kuna ushahidi wowote kwamba mmea unapunguza mchochota, au ni maneno ya wauzaji?

Upo, tena wa zamani. Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya nchi hiyo, kuhusu gome la mti wa willow lililopunguza homa. Kutoka kwenye gome hilo wanakemia walipata salisini, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini kwa kufuata njia hiyo. Ilichukua hadi 1971 kwa John Vane kuonyesha inavyofanya kazi: inazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu, joto na uvimbe. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Kwa hiyo anayesema "dawa za miti ni ushirikina" hajaangalia kabati lake la dawa. Lakini tazama safari yenyewe: gome, kisha kemikali iliyotengwa, kisha dozi inayojulikana, kisha maelezo ya inavyofanya kazi. Mimea mingi inayouzwa leo soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kwenye mabasi haijamaliza safari hiyo.

Nimesoma kwamba unga wa mlonge una antioksidanti nyingi mara kadhaa kuliko chungwa. Kweli?

Inaweza kuwa kweli maabara. Acha nieleze kipimo chenyewe kinavyofanyika, maana ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Mtafiti huchukua kemikali iitwayo DPPH, akaiyeyusha kwenye alkoholi. Rangi yake ni zambarau iliyokolea. Hiyo ni radikali huru inayokaa kwenye chupa bila kuharibika haraka. Anadondosha maji ya mmea aliyoyachuja. Kama mmea una vitu vinavyotoa elektroni, zambarau inafifia na kuwa njano, na mashine inasoma imefifia kiasi gani. Kipimo ni rahisi, cha bei nafuu, na kinafaa kwa kuchagua mimea ya kuchunguza zaidi. Karibu kila jani chungu na kila gome lenye ukakasi litaibadilisha ile rangi, kwa sababu tanini na polifenoli zimejaa kwenye mimea.

Sasa tuingie mwilini. Ule unga lazima upite tindikali ya tumbo, ukuta wa utumbo, kisha ini, na ini huzibadilisha polifenoli na kuzitoa kwa mkojo haraka. Kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, mara nyingi kidogo kuliko vitamini C na hata asidi ya uriki ambazo tayari zimo humo zikifanya kazi hiyohiyo. Kwa kuhesabu elektroni peke yake, polifenoli za kikombe kimoja haziongezi mengi.

Bado zinaweza kusaidia, kwa njia nyingine. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyingi kati yake ni kama usumbufu mdogo kwa seli. Seli huhisi, na protini iitwayo Nrf2 huingia kwenye kiini na kuwasha vinasaba vya kinga, mwili ukaanza kutengeneza glutathioni na vimeng'enya vyake kwa wingi zaidi. Nyingine hupunguza kazi ya NF-κB, protini inayowasha kemikali za mchochota. Kazi hiyo haihitaji kiasi kikubwa, ila inahitaji kiasi sahihi, na ile rangi ya zambarau haiwezi kutuambia hicho kiasi.

Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani orodha ya vyakula kwa alama za ORAC, kipimo cha jamii hiyohiyo. Mwaka 2012 waliiondoa, kwa sababu wauzaji walikuwa wakiitumia vibaya ilhali alama za maabara hazionyeshi faida kwa mtu. Kwa hiyo ukikuta kwenye kopo "antioksidanti mara nyingi kuliko chungwa", uliza swali moja: wamepima chupani au kwa mgonjwa?

Si bora basi ninywe vidonge vya antioksidanti vyenye dozi kubwa, nimalize kazi?

Hapana, na hapa nasisitiza. Finland ilifanyika utafiti kwa wanaume 29,133 wavuta sigara, baadhi wakapewa beta-karotini, rangi ileile ya karoti, miligramu 20 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani, kwa wavuta sigara na watu waliofanya kazi kwenye asbesto, ulisimamishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake kwa sababu kundi la vidonge lilikuwa na saratani zaidi kwa asilimia 28.

Karoti hazijawahi kufanya hivyo. Kwenye chakula beta-karotini huja kidogo kidogo, ikiwa na mamia ya vitu vingine.

Hata kwa vijana wa mazoezi kuna onyo. Utafiti wa Ujerumani wa 2009 ulionyesha kwamba vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku ziliufuta mwitikio mzuri wa insulini ambao mazoezi huuleta. Radikali huru zinazozaliwa msuli unapofanya kazi ni ujumbe kwa mwili ujiimarishe. Ukizizima zote, ujumbe haufiki.

Mama yangu ana magoti, anaishi Uyole. Manjano na tangawizi vitamsaidia?

Kiasi, ndiyo, na ni pa kuanzia pazuri kuliko kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku bila kupimwa figo na presha.

Manjano ina kurkumini. Tafiti kadhaa ndogo kwa wenye maumivu ya magoti ya uzee zilionyesha nafuu ya kueleweka, nyingi zikitumia karibu miligramu 1,000 za kurkumini kwa siku. Unga wa manjano una kurkumini asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai cha gramu 3 kinakupa kama miligramu 90. Mama hawezi kula vijiko kumi na moja kwa siku, kwa hiyo asitegemee matokeo ya zile tafiti kutoka kwenye mchuzi. Afadhali aichukulie kama kiungo kinachomfaa na kinachochangia kidogo.

Kuifanya ifike mwilini kuna namna. Kurkumini haipendi maji, inapenda mafuta, kwa hiyo ikaangwe kidogo kwenye mafuta kabla ya kuongeza mboga. Na iwekwe pilipili manga: utafiti wa 1998 ulionyesha kwamba piperini, kitu kinachofanya pilipili manga kuwasha, iliongeza kurkumini kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000. Lakini nguvu hiyo ina upande wa pili. Vidonge vya kurkumini vilivyoongezwa piperini vimehusishwa na ini kuumia kwa baadhi ya watumiaji, Italia na Marekani. Jikoni sina wasiwasi navyo. Kwenye vidonge, naomba mama apimwe ini kwanza.

Anunue mizizi mizima, aisage mwenyewe. Bangladesh iligundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na unga uliokwisha kusagwa huwezi kuujua kwa macho.

Tangawizi ina jinjeroli. Ikikaushwa au kupikwa sana sehemu yake hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi, ndiyo maana tangawizi kavu inawasha kooni kuliko mbichi. Ushahidi wake mzito uko kwenye kichefuchefu. Kwa magoti ni wa wastani.

Uzito wa mwili nao usisahaulike. Kwa mama mnene mwenye magoti mabovu, kupunguza kilo chache huyatua mzigo magoti na hupunguza mchochota unaotoka kwenye mafuta ya tumboni.

Chai yetu ya Mufindi na Rungwe ina faida, au ni hiyo ya kijani tu?

Zote zinatoka kwenye mmea mmoja. Ya kijani huzuiwa isioksidike kwa joto mara tu baada ya kuchumwa, kwa hiyo katekini zake, yaani polifenoli za chai, hubaki. Ya rangi huachwa ioksidike, na katekini zinaungana kuwa theaflavini na thearubijini, zile zinazoipa wekundu. Nazo zina kazi yake. Anayekunywa chai ya rangi isiyojaa sukari hajakosa kitu kikubwa. Kuhusu maziwa, tafiti zinapingana, nami simkatazi mtu chai yake ya maziwa asubuhi.

Ninachokataza ni kunywa chai kali pamoja na chakula kwa mama mjamzito, mtoto au mtu mwenye upungufu wa damu. Polifenoli zilezile hushika madini ya chuma ya mboga na maharage yasifyonzwe. Iache chai saa nzima kabla au baada ya mlo, na kwenye mlo weka ndimu au chungwa, maana vitamini C hufanya kinyume chake.

Vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza unene ni habari nyingine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 za katekini kuu, EGCG, kwa siku, dalili za ini kuumia huonekana kwa baadhi ya watu. Kikombe hakifiki huko.

Kahawa ya Mbozi na kakao ya Kyela je?

Kahawa ina asidi ya klorojeniki kwa wingi, hata baada ya kukaangwa kupunguza sehemu yake, na kwa wanywaji wa kila siku inaweza kuwa chanzo chao kikuu cha polifenoli. Kakao ina flavanoli, aina nyingine ya polifenoli. Utafiti mkubwa wa Marekani kwa watu 21,442, uliotolewa 2022, haukuonyesha kwamba flavanoli za kakao zinapunguza kwa uhakika jumla ya matukio ya moyo na kiharusi, ingawa vifo vya moyo vilikuwa pungufu kwa waliopewa. Inatia moyo, bado haitoshi kuiita dawa. Na uchachushaji, ukaangaji na usafishaji kwa alkali huondoa flavanoli nyingi, kwa hiyo chokoleti tamu ya dukani haina uhusiano mkubwa na tunda ulilolila shambani Kyela.

Mboga za kienyeji kama kishonanguo na mnavu zinaingia humu?

Zinaingia mbele kabisa. Kishonanguo, anayeng'ang'ania kwenye suruali ukitoka shambani, ana flavonoidi na poliasetilini ambazo maabara zimeonyesha kupunguza mchochota. Mnavu, mchicha, majani ya maboga na kunde yana karotenoidi, foleti na chuma.

Sisi wa Rungwe na Njombe tuna bahati ambayo hatuitumii ipasavyo. Karotenoidi hazifyonzwi bila mafuta. Watafiti walipowapa watu saladi yenye parachichi gramu 150, beta-karotini iliyoingia mwilini iliongezeka mara 15 kuliko saladi tupu. Parachichi tunalivuna, tunaliuza nje, na mezani kwa watoto tunapeleka mboga ya kuchemsha isiyo na tone la mafuta. Nusu ya parachichi pembeni ya ugali na mboga ya majani ingewafaa wengi.

Kitunguu saumu kisagwe au kipondwe, kisubiri kama dakika kumi kabla ya kwenda motoni. Alisini haimo kwenye punje nzima. Inatengenezwa punje inapovunjwa, na joto likiwahi humaliza kimeng'enya chake.

Natumia ARV. Naweza kuchanganya na dawa za miti?

Hili ndilo swali zito kuliko yote humu, na ningependa kila mtu wa mikoa yetu alisome. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu ya juu nchini. Kwa hiyo anayeuza "dawa ya kuongeza kinga" hapa, wateja wake wengi wako kwenye ARV, na wengi hawasemi.

Baadhi ya mimea huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, ARV ikaisha mwilini kabla ya muda. Unaojulikana zaidi ni Hypericum perforatum, unaouzwa kwa vidonge kwa ajili ya huzuni: hauchanganywi na ARV hata kidogo. Vidonge vya kitunguu saumu vilipojaribiwa na dawa ya zamani ya sakwinavia vilipunguza kiwango chake kwenye damu kwa karibu nusu. Kitunguu cha kwenye mboga sikizuii.

Dolutegravia, iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi sasa, inashikwa na madini. Nyongeza za chuma, kalsiamu au magnesiamu, na dawa za kutuliza tindikali ya tumbo, zinaweza kuizuia isifyonzwe. Njia salama ni kumeza ARV angalau masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake.

Mwambie muuguzi wa CTC, kliniki unakochukulia ARV, kila unachokunywa. Hatakugombeza, na kama atakugombeza, endelea kusema. Na usiache ARV kwa sababu ya antioksidanti. Virusi vikifubazwa, mchochota unaoletwa na VVU nao hupungua sana, na hakuna jani lililowahi kufanya kazi hiyo.

Presha na dawa za moyo?

Kwa presha, chai ya rozela (choya) ina ushahidi mzuri. Utafiti wa Marekani wa 2010 kwa watu 65 ulionyesha namba ya juu ya kipimo cha presha kushuka kwa wastani wa 7.2 kwa waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita. Iwe bila sukari, na ukiwa kwenye dawa ya presha pima mara kwa mara, isije ikashuka mno.

Balungi liepuke kama unatumia simvastatini ya kolesteroli au nifedipini ya presha: linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachozivunja, na dawa hupanda kwenye damu. Athari yake hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kutofautisha saa hakusaidii. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani wala asizizidishe ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K yake hupingana na dawa.

Lakini dawa ya asili haina madhara, si ndiyo?

Kuna ua zuri la kupanda, jekundu na njano, petali zake zimepinda kuelekea juu, linaota sehemu nyingi za Tanzania. Jina lake la kisayansi ni Gloriosa superba. Kiazi chake kina kolchisini, moja ya dawa imara kabisa za mchochota zinazotoka kwenye mimea, ambayo hospitali huitumia kwa gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Inazizuia chembe nyeupe zisikimbilie kwenye kiungo. Dozi inayotibu na dozi inayoua ziko karibu sana, na mtu aliyekula kiazi kile anaweza kuanza na kuharisha na kutapika, kisha viungo vya mwili vikashindwa kimoja baada ya kingine. Ni mmea wa asili, una dawa ya kweli, na unaua.

Hatari ya pili ni mchanganyiko uliotiwa dawa za hospitali kwa siri. Duniani kote zimekamatwa "dawa za mitishamba" za viungo zenye deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi, au diklofenaki. Dalili yake naijua: mzee aliyekuwa akitembelea fimbo anaamka siku ya pili bila maumivu, anakula sana, baada ya wiki kadhaa uso unajaa na kuwa mviringo, sukari inapanda. Akiacha ghafla, mwili unaishiwa nguvu. Nafuu ya haraka kupita kiasi kwenye baridi yabisi inipe wasiwasi mimi na wewe.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa ini au figo wasitumie dawa ya kuchemsha yoyote bila kuuliza.

Chai ya artemisia inatosha kwa malaria?

Haitoshi. Artemisinini, dawa iliyomo kwenye mmea huo, aliyoigundua mwanasayansi wa China Tu Youyou, akapata Nobel 2015, haifanyi kazi kama antioksidanti, inafanya kinyume. Ikikutana na chuma kutoka kwenye damu ambayo kimelea kimeimeng'enya, inapasuka na kuzalisha radikali huru ndani ya kimelea. Majani yana kiasi kinachobadilika kutoka mmea hadi mmea, na maji hayaitoi vizuri. Dozi pungufu hukuacha na ugonjwa na hufundisha vimelea usugu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Homa ukiwa Kyela au Usangu, pima, kisha meza dawa mseto.

Gome la Prunus africana linasaidia tezi dume?

Linasaidia dalili za tezi dume iliyokua. Mapitio ya majaribio 18 kwa wanaume 1,562 yalionyesha mkojo kutoka vizuri zaidi na kuamka usiku kupungua. Lina sitosteroli na asidi za triterpeni zinazopunguza mchochota kwenye tezi. Halitibu saratani, kwa hiyo mzee apimwe kwanza.

Mti wenyewe unaumia. Unaota kwenye misitu ya milima yetu, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote unakufa. Wanaojua hubandua vipande viwili vya pande zinazotazamana na kuuacha miaka upone. Bora zaidi ni kuupanda pembeni ya shamba la chai.

Nakausha majani yangu Tukuyu, yanaota ukungu. Nifanyeje?

Mvua ya Tukuyu ndiyo tatizo, na ukungu usiupuuze, kwa sababu aina nyingine hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Yakilowa na kuota ukungu, tupa yote.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Tandaza safu moja kwenye chekecheke au wavu ulioinuliwa kutoka chini, ndani ya chumba chenye hewa inayopita, mbali na jua kali na mbali na moshi wa jiko. Jua huharibu rangi na karotenoidi, moshi huacha kemikali mbaya kwenye jani. Jani likishikwa livunjike kwa mlio, na kikonyo kivunjike badala ya kupinda. Hapo tia kwenye chombo kikavu kinachofunga, andika jina na tarehe, weka kabatini. Ndani ya mwaka uwe umelimaliza.

Babu yangu ana dawa inayofanya kazi kweli. Tuipeleke wapi?

Kwanza andikeni, babu akiwa bado na kumbukumbu: mmea gani, sehemu gani, umechumwa msimu gani, kipimo, na nani hapaswi kupewa. Bandikeni tawi lenye maua kwenye karatasi, kwa sababu jina la Kinyakyusa, Kihehe au Kibena linaweza kuwa la mimea miwili tofauti.

Kisha nendeni kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zenyewe. Uchunguzi wa kemikali na sumu unaweza kufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya, na watafiti wa tiba asili wako Muhimbili na kituo cha Mabibo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kabla ya kukabidhi siri yoyote, wekeni makubaliano ya maandishi kuhusu nani anamiliki ujuzi huo na nani atanufaika nao.